Kila Mlango na Ufunguo Wake: Tiba ya Pumu Inayomlenga Mgonjwa Mmoja Mmoja, kwa Mfano wa Soko la Kibuye, Kisumu

Ikisiri

Makala haya yanafafanua dhana ya tiba inayomlenga mgonjwa binafsi kwa kurejelea maradhi ya pumu na matumizi ya inhela. Mazingira yanayozingatiwa ni soko la Kibuye mjini Kisumu pamoja na ufuo wa Ziwa Viktoria, mahali ambapo vumbi la mbao, rangi ya kupuliza, moshi wa kuni na omena mkavu hukutana katika pumzi moja. Hoja kuu ni kwamba hatua ya kwanza ya tiba ya namna hii si kipimo cha jeni bali ni maelezo ya mgonjwa mwenyewe. Kwa sababu hiyo, wataalamu wa Kiswahili wana sehemu yao katika kazi ambayo imezoeleka kuachiwa madaktari pekee.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kila mlango na ufunguo wake. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu anayetaka kutatua kila tatizo kwa njia moja. Katika taaluma ya tiba, onyo hilo limekuja kuwa msingi wa fikra nzima. Kwa muda mrefu mgonjwa wa pumu alitibiwa kwa jina la ugonjwa wake: aliyeambiwa ana pumu alipewa dawa ya pumu, yakaishia hapo. Katika miongo ya karibuni, hata hivyo, wataalamu wametambua kwamba jina hilo moja linafunika hali nyingi zenye vyanzo tofauti na mienendo tofauti, na kwamba dawa inayomfaa mmoja huenda isimfae jirani yake.

Uzito wa suala hili hauhitaji kutiliwa chumvi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Ulimwenguni, mwaka 2019 watu wapatao milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na vifo vilivyotokana nayo vilifikia takribani 455,000. Wengi wa waliofariki walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hawakufa kwa sababu pumu yao haikuwa na dawa. Dawa zipo tangu karne iliyopita. Walikufa aghalabu kwa sababu ugonjwa haukutambuliwa, au dawa haikupatikana, au ilipatikana ikatumiwa visivyo.

Nchini Kenya, utafiti wa Lucy Ng'ang'a na wenzake uliochapishwa mwaka 1998 uliwalinganisha watoto wa shule wa Nairobi na wale wa Murang'a. Baada ya kufanya mazoezi ya mwili, asilimia 22.9 ya watoto wa mjini walionyesha dalili ya kubanwa kwa njia za hewa, ilhali wale wa mashambani walikuwa asilimia 13.2. Matokeo hayo yalidokeza kwamba mahali anapoishi mtu ni sehemu ya ugonjwa wake. Ndiyo sababu makala haya yanaanzia mahali maalumu.

Kibuye ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi katika Afrika Mashariki. Hufanya kazi wiki nzima, ila Jumapili ndiyo siku yake kuu, ambapo wauzaji na wanunuzi humiminika kutoka Kisumu na viunga vyake. Humo huuzwa mitumba, nafaka, mboga, omena na vyombo vya nyumbani. Kando yake mafundi wa jua kali hupasua mbao, hupiga randa, hulehemu vyuma na kupaka vitanda na makochi vanishi. Anayeshinda hapo kutwa huvuta hewa ya kazi yake na ya kazi za wenzake.

2.0 Pumu ni Nini?

Pumu ni ugonjwa wa kudumu wa njia za hewa. Mambo matatu hutokea ndani ya mirija inayopeleka hewa mapafuni. Kwanza, kuta za mirija huvimba kutokana na mwako wa muda mrefu ambao mgonjwa huenda asiuhisi. Pili, misuli inayoizunguka mirija hiyo hujikaza ghafla inapochokozwa na vumbi, moshi, baridi, mafua au mazoezi. Tatu, makohozi mazito hujaza nafasi ndogo iliyosalia. Matokeo yake ni kifua kubana, kikohozi hasa usiku na alfajiri, kukosa pumzi, na sauti kama ya mluzi wakati wa kutoa pumzi.

Sifa inayoitambulisha pumu ni kubadilikabadilika. Leo mgonjwa yu mzima kabisa; usiku wa manane yu mahututi; kesho asubuhi amerudi kazini. Sifa hii ndiyo inayowahadaa wengi. Mtu anapopata nafuu hudhani amepona, kumbe kilichotulia ni misuli tu, na uvimbe ungalipo ukingoja kichokoo kingine.

Kutokana na maelezo haya, dawa za kuvuta za pumu hugawika katika makundi mawili makuu. Kundi la kwanza hulegeza misuli na kumpa mgonjwa nafuu katika dakika chache. Mfano wake maarufu ni salbutamoli. Kundi la pili hupunguza uvimbe wenyewe, nazo ni stiroidi za kuvuta kama vile beklometasoni na budesonaidi. Hizi za pili hazileti nafuu ya papo hapo. Nguvu yake huonekana baada ya siku na majuma ya matumizi ya mfululizo. Tofauti hii kati ya kutuliza na kukinga ndiyo mhimili wa mjadala wote unaofuata.

3.0 Safari Fupi ya Inhela

Kabla ya katikati ya karne ya 20, dawa ya pumu ya kuvuta ilitolewa kwa chupa ya kioo iliyounganishwa na kitufe cha mpira, chombo kilichovunjika upesi na kutoa kipimo kisicholingana. Mwaka 1955, huko Marekani, binti wa miaka 13 mwenye pumu alimuuliza baba yake, George Maison, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Riker Laboratories, kwa nini dawa yake isiwekwe katika mkebe wa kupuliza kama ule wa marashi ya nywele. Mwaka uliofuata, 1956, inhela ya kwanza yenye kutoa kipimo maalumu kwa kila mbonyezo ilianza kuuzwa. Salbutamoli ilifuata mwaka 1969 nchini Uingereza, na beklometasoni ya kuvuta ikaingia katika matumizi mwaka 1972.

Salbutamoli ilipendwa kwa sababu ilionekana kufanya kazi mbele ya macho ya mgonjwa. Hata hivyo, penye nafuu ya haraka pana mtego. Mwaka 2014 uchunguzi wa kitaifa wa vifo vya pumu nchini Uingereza ulichapishwa. Ulichambua vifo 195, na ikabainika kuwa miongoni mwa marehemu waliokuwa wakitumia dawa ya kutuliza, asilimia 39 walikuwa wameandikiwa zaidi ya inhela 12 za aina hiyo katika mwaka wa mwisho wa uhai wao. Kila mkebe uliomalizika ulikuwa kilio cha uvimbe usiotibiwa, na kilio hicho hakikusikika.

Mwaka 2018 tafiti mbili kubwa zilizoitwa SYGMA zilichapishwa. Mojawapo iliongozwa na Eric Bateman wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Zilichunguza wagonjwa wenye pumu isiyo kali waliotumia inhela moja yenye dawa mbili, budesonaidi na fomoteroli, pale tu walipohisi dalili. Katika mojawapo ya tafiti hizo, mashambulizi makali yalipungua kwa asilimia 64 yakilinganishwa na ya wale waliotegemea dawa ya kutuliza peke yake. Mwaka 2019 GINA, jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu lililoanzishwa mwaka 1993, lilitamka kuwa mtu mzima au kijana wa miaka 12 na zaidi asitibiwe tena kwa dawa ya kutuliza bila stiroidi ya kuvuta. Mazoea ya nusu karne yakapinduliwa.

4.0 Kutoka Jina la Ugonjwa hadi Mtu Mwenyewe

Wazo la kuwatofautisha wagonjwa wa pumu halikuanza jana. Mwaka 1947 daktari Mmarekani, Francis Rackemann, aliigawa pumu katika makundi mawili: ile inayochochewa na vitu vya nje, na ile inayozuka kutoka ndani ya mwili pasipo kichokoo cha wazi. Mgawanyo huo ulikuwa wa jumla mno, lakini ulifungua mlango.

Hatua kubwa ilipigwa pale chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili zilipochunguzwa. Wagonjwa wenye chembe hizo kwa wingi katika makohozi huitikia stiroidi vizuri. Wasio nazo aghalabu hawaitikii kwa kiwango hicho. Mwaka 2002 watafiti wa Leicester, Uingereza, waliwagawa wagonjwa 74 katika makundi mawili. Kundi moja lilipandishiwa au kushushiwa dawa kwa kufuata dalili kama ilivyozoeleka, na la pili kwa kufuata idadi ya eosinofili katika makohozi. Kundi la kwanza lilipata mashambulizi makali 109, la pili 35. Dawa zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni jinsi mgonjwa alivyosomwa.

Kuanzia hapo zilifuata dawa za kibayolojia, yaani kingamwili zinazotengenezwa ili kuziba njia moja mahsusi ya uvimbe. Omalizumabu iliidhinishwa Marekani mwaka 2003, mepolizumabu mwaka 2015, na tezepelumabu mwaka 2021. Hizi hudungwa kwa sindano, huwalenga wenye pumu kali pekee, na bei yake iko mbali na mfuko wa mchuuzi wa Kibuye.

Jeni nazo zilichunguzwa kwa matumaini makubwa. Ilitarajiwa kwamba asili ya mgonjwa ingetosha kubashiri dawa inayomfaa. Mwaka 2019 Michael Wechsler na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Wamarekani weusi ambao pumu yao ilikuwa haijadhibitiwa. Miongoni mwa vijana na watu wazima, asilimia 49 walifaidika zaidi kwa kuongezewa dawa ya kulegeza misuli kwa muda mrefu, na asilimia 28 kwa kuongezewa stiroidi. Miongoni mwa watoto wa chini ya miaka 12, pande hizo mbili zililingana, asilimia 46 kwa 46. La muhimu zaidi ni kwamba kiwango cha asili ya Kiafrika katika jeni za mshiriki hakikubashiri jibu lake. Kwa ufupi, rangi ya ngozi si utambuzi wa ugonjwa. Mtu mweusi si kundi moja la kitabibu. Naye ni mlango wenye ufunguo wake.

5.0 Watu Watatu, Jina Moja

Ili kufafanua dhana hii katika mazingira ya Kibuye, chukulia mifano mitatu ya kubuni. Wote watatu wamefika kliniki wakisema kifua kinabana, na wote watatu wangeweza kuondoka na inhela moja ya salbutamoli.

Wa kwanza ni seremala wa makamo anayepasua mbao na kupuliza rangi. Vumbi la mbao kadhaa, mvule ukiwemo, linajulikana kusababisha pumu ya kazini. Hali kadhalika, kemikali ziitwazo isosayaneti, zinazopatikana katika baadhi ya rangi za kupuliza, ni miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu ya aina hiyo duniani. Swali linalomfichua mgonjwa wa namna hii ni kama dalili hupungua siku ambazo hayupo kazini. Vitabu vingi vya tiba huuliza kuhusu mwisho wa wiki. Swali hilo likihamishwa Kibuye bila kufikiriwa litapotosha, kwa maana Jumapili ndiyo siku ya soko kubwa, na fundi huenda asipumzike kabisa. Tabibu anayemjua mtu wake atauliza: ulipokwenda matangani nyumbani kwenu kwa wiki nzima, kifua kilikuwaje? Jibu la swali hilo huenda likawa na thamani kuliko kipimo cha gharama. Tiba yake si dawa tu bali ni kumwondoa katika kichokoo mapema iwezekanavyo, kwa sababu kadiri anavyoendelea kukivuta ndivyo uwezekano wa pumu kubaki naye daima unavyoongezeka.

Wa pili ni mama wa zaidi ya miaka 50 anayeuza samaki wa kukaushwa kwa moshi. Amekaa mbele ya moto wa kuni tangu ujana wake. Anakosa pumzi kila siku, wala si kwa vipindi. Huyu huenda hana pumu kabisa. Moshi wa kuni wa miaka mingi husababisha ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, na kifua kikuu kilichopona nacho huweza kuacha makovu yenye dalili zinazofanana. Kipimo cha spirometa, kinachopima hewa anayoitoa mtu kwa nguvu, husaidia hapa: mgonjwa hupima, huvuta salbutamoli, kisha hupima tena. Hewa ikiongezeka kwa angalau asilimia 12 na mililita 200, pumu hushukiwa kwa nguvu zaidi. Isipoongezeka, tabibu hupanua uchunguzi.

Wa tatu ni mwanafunzi wa sekondari anayepiga chafya kila msimu wa mvua unapoanza, na anayekohoa baada ya kucheza kandanda. Pumu yake ni ya mzio. Ndiye anayeitikia stiroidi ya kuvuta vizuri kuliko wote, na ndiye anayeweza kuishi bila shambulio iwapo atapewa inhela yenye dawa mbili na kufundishwa kuitumia. Pia ndiye aliye katika hatari ya kudharauliwa, kwa kuwa kati ya shambulio na shambulio haonekani mgonjwa.

Kwa watu hawa watatu, swali la ziada ni lile la dawa nyingine wanazomeza. Baadhi ya wenye pumu hushambuliwa na aspirini au ibuprofeni, dawa za maumivu zinazonunuliwa madukani bila cheti. Propranololi, dawa ya moyo na shinikizo la damu, huweza kuibana mirija ya hewa. Kuuliza hakuna gharama.

6.0 Vipimo vya Ugenini na Mwili wa Mtu wa Ziwani

Imekwisha kuelezwa kuwa eosinofili huongoza tiba ya pumu kali. Katika miji mingi ya Ulaya, idadi kubwa ya chembe hizo kwa mtu anayekosa pumzi huelekeza moja kwa moja kwenye pumu ya mzio au ya uvimbe wa aina hiyo. Katika ufuo wa Ziwa Viktoria mambo si rahisi hivyo. Kichocho cha matumbo ni ugonjwa uliokita mizizi katika vijiji vya wavuvi, na minyoo ya aina mbalimbali hupatikana pia. Maradhi haya yenyewe huongeza eosinofili katika damu. Namba ile ile iliyochapishwa katika mwongozo wa kimataifa yaweza kumaanisha pumu London na minyoo Dunga.

Zaidi ya hayo, baadhi ya minyoo, hasa aina iitwayo stronjiloidi, yaweza kuenea mwilini kwa kasi ya kutisha mgonjwa akipewa stiroidi za kumeza kwa wingi. Hivyo basi, kuuliza kuhusu maji anayooga mtu na pekupeku anakotembea ni sehemu ya tiba ya pumu ziwani, ijapokuwa haimo katika picha ya kawaida ya tiba hiyo.

Mfano mwingine ni wa virusi vya UKIMWI, ambavyo vimeenea katika kaunti za ziwani kuliko wastani wa nchi. Baadhi ya wagonjwa walio katika awamu ya pili ya dawa za kupunguza makali hutumia ritonavia. Dawa hiyo huzuia ini kuvunjavunja budesonaidi na flutikasoni, hata stiroidi iliyovutwa kwa kiasi kidogo ikajikusanya mwilini na kuleta madhara kama ya mtu aliyemeza vidonge kwa miezi. Kwa mgonjwa kama huyo, beklometasoni ni salama zaidi. Huu ndio ubinafsishaji wa tiba katika maana yake halisi, nao hauhitaji maabara ya jeni. Unahitaji tabibu anayejua, na mgonjwa aliye huru kusema anachokimeza.

7.0 Chombo, Mkono na Pumzi

Hata ufunguo ulio sahihi hauwezi kufungua mlango ukiingizwa kinyume. Inhela ya mkebe hutikiswa kwanza; mgonjwa hutoa pumzi yote; huzungushia midomo mdomo wa chombo; hubonyeza mara moja huku akivuta pumzi taratibu na kwa kina; kisha huishikilia pumzi kwa sekunde zipatazo 10. Inhela ya unga hudai kinyume chake: huvutwa kwa nguvu na kwa haraka, kwa kuwa pumzi ya mgonjwa ndiyo inayoubeba unga. Anayebadilishiwa chombo bila kuelezwa tofauti hii hupoteza dawa bila kujua. Baada ya kuvuta stiroidi, mgonjwa husukutua na kutema maji ili asipate utando wa ukungu kinywani.

Watoto na wazee wengi hawawezi kuoanisha mbonyezo na pumzi. Wao huhitaji spesa, chombo kinachoihifadhi dawa hewani kwa sekunde chache kabla ya kuvutwa. Spesa za dukani hazipatikani kila mahali, lakini mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha utafiti uliothibitisha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa sehemu ya chini kwa ukubwa wa mdomo wa inhela na kuzibwa vizuri kuzunguka tundu hilo, iliwasaidia watoto waliokuwa katika shambulio la pumu sawasawa na spesa ya kiwandani. Chupa za aina hiyo zimejaa Kibuye. Kinachokosekana ni maarifa, wala si malighafi.

8.0 Lugha kama Chombo cha Kwanza cha Uchunguzi

Iwapo tiba hii huanza kwa maelezo ya mgonjwa, basi huanza kwa lugha. Kisumu ni mji wa Wajaluo kwa wingi wao, ila katika soko la Kibuye Mjaluo, Mluhya, Mkisii, Mnubi na Mhindi huelewana kwa Kiswahili. Mganga aliyetumwa kutoka kaunti nyingine naye hukitegemea. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo, karatasi iliyokunjwa ndani ya kisanduku cha inhela aghalabu huwa kwa Kiingereza.

Zingatia kwanza neno "kifua". Kifua ni sehemu ya mwili. Lakini kusema "mtoto ana kifua" ni kutaja ugonjwa pasipo kuubainisha. "Kifua kikuu" ni maradhi mengine kabisa, yenye kuambukiza na yenye unyanyapaa. Tena mtu "mwenye kifua" ni yule anayetunza siri. Mzazi anayeogopa kutamka "pumu" mbele ya majirani hujisitiri nyuma ya neno hili, na tabibu asiyedadisi huandika homa ya mapafu akatoa antibayotiki. Mficha maradhi kifo humfichua; lakini wakati mwingine anayeficha si mtu bali ni neno alilopewa na lugha.

Zingatia pili kitenzi kinachotumiwa kuelekeza. Wengine huiita inhela "kipulizo" au "kipuliza dawa", kutokana na kitenzi "puliza". Ni kweli kwamba mkebe hupuliza. Lakini kupuliza, kwa mtu anayewasha moto wa mkaa, ni kutoa pumzi nje. Mgonjwa aliyeambiwa "puliza mdomoni mara mbili" amepewa amri inayomtaja mkebe na kuisahau pumzi yake. Atanyunyiza ulimi, na dawa haitafika mapafuni. Nalo neno "vuta", ingawa ni sahihi, huandamana na sigara katika fikira za wengi. Maelekezo yenye usalama ni yale yanayoandamanisha vitendo viwili: "bonyeza huku ukivuta pumzi ndani". Sentensi hiyo fupi yaweza kuwa na thamani sawa na dawa iliyomo mkebeni.

Tatu, lipo tatizo la istilahi za makundi mawili ya dawa. Katika mazungumzo ya kila siku wagonjwa husema "ile ya samawati" na "ile ya kahawia". Rangi si istilahi. Viwanda hutofautiana, na mkebe wa rangi fulani leo huenda ukawa na dawa nyingine kesho. Aidha, neno "dawa" lenyewe hubeba dhana ya kumeza hadi kupona. Mgonjwa wa malaria humaliza dozi kwa siku tatu, akaacha. Mwenye pumu anayeambiwa kuwa stiroidi ni "dawa" huiacha mara tu anapojisikia vyema, na anapoambiwa aendelee hushuku kwamba anazoeshwa kitu asichoweza kukiacha. Kiswahili kina maumbo yanayoweza kuondoa utata huu: "kituliza" kwa dawa ya nafuu, na "kikinga" kwa dawa ya uvimbe, yote mawili yakiundwa kwa kiambishi ki- cha kifaa na vitenzi ambavyo kila mtu sokoni anavijua. Ile yenye dawa mbili ni kituliza na kikinga katika mkebe mmoja, na jina hilo peke yake humweleza mgonjwa kwa nini hapaswi kununua cha kutuliza pekee.

Kazi ya istilahi za sayansi haijaanza leo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Kamusi, hata hivyo, hukaa maktabani. Istilahi hupata uhai inapofika kwenye dirisha la dawa, na hufika huko ikiwa tu mtu ameipeleka.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa tiba inayomlenga mgonjwa binafsi ina ngazi nyingi. Ngazi ya juu ni ya jeni na kingamwili za bei ghali, na kwa sasa wengi wa Kibuye hawawezi kuifikia. Ngazi za chini zinaweza kufikiwa: kumtofautisha mwenye pumu na asiye nayo, kuuliza kazi yake na siku zake za mapumziko, kujua dawa nyingine anazotumia, kumpa kikinga badala ya kituliza peke yake, na kuhakikisha pumzi yake na mkono wake vinakwenda pamoja. Anayeruka ngazi hizo akikimbilia ya juu hatafika popote.

Inapendekezwa kwamba vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vishirikiane na vitivo vya tiba pamoja na hospitali za kaunti kuandaa maelekezo ya inhela kwa Kiswahili chepesi, na kwamba maelekezo hayo yajaribiwe kwa wagonjwa wenyewe kabla ya kuchapishwa. Njia ya kuyajaribu ni nyepesi: mgonjwa asomewe maelekezo, apewe inhela tupu, kisha atazamwe anachofanya. Akipuliza badala ya kuvuta, kosa si lake; sentensi irudi mezani iandikwe upya.